Kutembea Joshua Tree msimu wa baridi: maswali mnayoniuliza kila mara

Ikifika Desemba simu yangu inajaa maswali yale yale, ya ndugu waliohamia California juzijuzi, ya wageni wanaokuja likizo kutoka nyumbani, ya watu wameona picha zangu wanadhani nimerudi Mwanza. Nimezaliwa Mwanza kweli, nimekulia juu ya mawe, ila sasa hivi naishi Riverside na kutoka hapa mpaka Joshua Tree ni kama saa moja na nusu kwa gari. Nimeshaenda mara nyingi, karibu zote kati ya Novemba na Februari. Basi najibu yote hapa, mengine kwa kirefu maana nayapenda, mengine kwa ufupi.

Joshua Tree ni mji, mti au hifadhi?

Vyote vitatu. Kuna mti, kuna kamji kadogo nje ya lango la magharibi, na kuna hifadhi ya taifa yenyewe, kilomita za mraba kama 3,200, kusini mwa California, kilomita 225 hivi mashariki ya Los Angeles. Kuna mama mmoja aliitwa Minerva Hoyt alipigania miaka mingi eneo hili lilindwe, maana watu walikuwa wanakuja kung'oa mimea ya jangwani wakaipande kwenye bustani zao mjini. Serikali ikalitenga mwaka 1936, na 1994 ndo likawa hifadhi ya taifa kamili. Ila kabla ya hao wote kulikuwa na wenyewe, Waserrano, Wacahuilla, Wachemehuevi na Wamojave, na hao hawajaisha, wapo mpaka leo.

Jangwani si joto mwaka mzima? Kwa nini niende wakati wa baridi?

Hili naulizwa kuliko yote. Watu wakisikia jangwa wanawaza mchanga na jua kali tu. Kiangazi ni kweli, joto linapita nyuzi 38 na kutembea mchana ni kujitafutia matatizo. Lakini eneo la miamba lipo juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Desemba na Januari mchana unapata kama nyuzi 15, jua limetulia, hewa kavu, unatembea masaa matano hujalowa jasho. Usiku inashuka mpaka maji yanaganda. Siku nyingine theluji inadondoka kabisa, na ukiwahi ukaikuta asubuhi juu ya yale mawe kabla jua halijaiyeyusha utakaa kimya kidogo.

Jambo la kujipanga nalo ni mwanga. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni na dakika chache, saa kumi na mbili ni giza totoro. Sisi tuliozoea nyumbani jua kuzama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima hili linatuponza sana, mtu anaamka saa tatu, anakunywa chai taratibu, anafika getini saa sita, siku imeshaisha hajajua. Muwe mmeshaingia saa mbili asubuhi. Tena wikiendi na sikukuu lango la magharibi linakuwa na foleni ndefu, lile la kaskazini upande wa mji wa Twentynine Palms huwa na nafuu.

Nina siku moja tu, nitembee wapi?

Mimi ntakwambia tofauti na wengi. Wengi watakupa orodha ya sehemu nane, utashinda unaingia gari unatoka gari unapiga picha unaingia gari. Chagua mbili, sanasana tatu, uzitembee polepole. Jangwa la baridi ukilipita haraka unaona mawe na vichaka vya kijivu basi, ukikaa nusu saa sehemu moja linaanza kusogea, kuna kitu kinaruka hapa, kuna kitu kinachungulia pale.

Asubuhi naanza Barker Dam. Ni duara fupi, kilomita mbili hivi hazifiki, chini ni mchanga, kuna sehemu chache za kukanyaga mawe. Katikati kuna bwawa dogo walilojenga wafugaji wa ng'ombe zamani, mwaka 1900 hivi, mvua ikiwa imenyesha linajaa na ile miamba inajitazama ndani ya maji, mvua zikigoma unakuta tope limepasukapasuka tu. Hata likiwa kavu mimi napita.

Halafu Hidden Valley, nalo ni duara la kilomita 1.6. Unapenya kwenye mwanya kati ya majabali halafu ghafla upo ndani ya kibonde kilichozungushiwa mawe pande zote kama ua wa nyumba. Wanasimulia kwamba wezi wa ng'ombe walikuwa wanaficha mifugo humo, na ukisimama katikati unaelewa kwa nini. Kwa kuwa mawe yanakinga upepo na maji ya mvua yanatiririka humo yote, mimea ni mingi kuliko nje, mpaka kuna miti aina ya msonobari na mwaloni. Kula chakula cha mchana humo.

Mwenye nguvu mchana apande Ryan Mountain, kwenda na kurudi kilomita 4.8, unapanda mita 320 hivi na kilele kipo mita 1,663. Ni ngazi za mawe mfululizo na juu upepo unachapa, ila unaona bonde zima na yale marundo ya miamba yametawanyika chini yako. Asiye na nguvu aende Skull Rock akaone jiwe lililotoboka mashimo mawili kama macho ya fuvu, lipo barabarani kabisa, na nyuma yake kuna njia ya kilomita 2.7 ambayo watu wengi hawaifuati maana wakishapiga picha wanaondoka, kwa hiyo imetulia.

Yale mawe nani aliyapanga?

Mama yangu alikuja kututembelea Januari, tukampeleka. Alishuka kwenye gari, koti juu na kitenge chini, akaangalia lile rundo la kwanza, akasema "Hee, haya si ya kwetu haya?" Akaenda akaligusa jiwe kwa kiganja, akaniambia hata ubaridi wake ni ule ule. Na yuko sahihi. Yeyote aliyeona Bismarck Rock pale Mwanza, au Kit Mikayi karibu na Kisumu, au vile vilima vya mawe vya Serengeti, atashangaa kukuta ndugu zake huku.

Hayakupangwa na mtu na wala hayakuporomoka kutoka juu. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita uji wa moto ulipanda kutoka chini ya ardhi, ukapoa humo humo ardhini kabla haujafika juu, ukawa itale, aina ya jiwe gumu. Ikapasuka nyufa, zingine za wima zingine za kulala, kama unavyokata kashata kwenye sinia. Wakati huo huku kulikuwa na unyevu kuliko sasa, maji yakawa yanapenya kwenye nyufa taratibu yanalainisha jiwe, na kwenye kona maji yanashambulia pande mbili tatu kwa mpigo kwa hiyo kona zinaisha kwanza, kipande cha mraba kinabaki mviringo kikiwa bado kimefukiwa. Baadaye ukame ukaja, mafuriko ya ghafla yakasomba udongo wote, mawe yakabaki yamekaliana vile vile yalivyokuwa chini. Yale ya Mwanza ni ya kale kuliko haya kwa mbali sana ila yalichongwa kwa namna hiyo hiyo, maji kwanza chini ya udongo, halafu udongo unaondoka.

Ukifika weka kiganja kama alivyofanya mama. Utakuta yanakwaruza kama msasa, punje punje, na ukisugua kidogo punje zinabaki mkononi. Ule mchanga mwekundu-mweupe unaokanyaga njiani ndo hizo punje zilizodondoka.

Na ule mti wenyewe?

Sio mti kama mwembe. Ni ndugu wa mkonge, ule ule wa Tanga, wanatoka ukoo mmoja, na ukiangalia jani lake utajua mwenyewe, gumu, refu, ncha kama sindano. Wenyeji wa zamani walisuka vikapu na ndala kwa majani yake na wakala mbegu zake. Jina la Joshua inasemekana walilitoa wahamiaji Wamormoni walioona matawi yameinuka kama mikono ya Yoshua akiomba.

Unakua taratibu mno, sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo mti unaokupita urefu kidogo unaweza kuwa na umri wa bibi yako. Na baridi hii tunayoivalia makoti wenyewe unaihitaji, wataalamu wanaona kwamba baridi kali ikiumiza ncha ya tawi ndo inachochea maua, na tawi likishatoa ua ndo linagawanyika. Mti ambao haujawahi kuchanua unakuwa fimbo moja tu imesimama. Uchavushaji wake unafanywa na nondo mdogo, huyo peke yake, anabeba chavua mdomoni anaishindilia kwenye ua halafu anataga humo, watoto wake wanakula sehemu ya mbegu na zingine wanauachia mti. Nondo akikosekana hakuna mbegu, na mti ukikosekana hakuna nondo.

Ndo maana naumia nikiona mtu amening'inia kwenye tawi apigwe picha. Mwaka 2020 moto mmoja tu kwenye hifadhi jirani ya Mojave uliteketeza miti kama milioni 1.3 ya aina hii. Joto nalo linazidi kupanda. Tafadhali simama pembeni yake, picha itatoka vizuri tu.

Wanyama wapo kweli? Mimi nilienda sikuona kitu.

Wapo, ila usiwategemee kama wa Serengeti, huku hakuna kundi la nyumbu. Unatafuta mmoja mmoja, na masikio yanasaidia kuliko macho.

Kondoo pori wenye pembe kubwa, wanaitwa bighorn, ndo kila mtu anawataka. Mara yangu ya kwanza kuwaona ilikuwa karibu na Barker Dam, kama saa tatu asubuhi. Tulisikia vijiwe vinadondoka, tk tk tk, nikadhani ni watu wanapanda. Nikaangalia ule ukuta wa mawe wee, hamna kitu. Halafu jiwe moja likageuza kichwa. Rangi yao ni ile ile ya mwamba, kinachowauza ni kale kaweupe nyuma ya makalio. Walikuwa majike watano na mtoto mmoja wa mwaka jana hivi, wanashuka kwenye mteremko ambao mimi nisingeweka hata mguu, kwato zinashika jiwe kama zina gundi, mmoja akasimama kwenye kiukingo kisichozidi upana wa kitabu akaanza kujikuna mguu. Tukakaa chini kimya. Walitupita kama mita 40 hivi wakaendelea na safari yao. Mwanangu ambaye hakai sekunde mbili alikaa dakika ishirini.

Hao ni bahati. Wa uhakika zaidi ni hawa: sungura wenye masikio marefu yanayopenyeza mwanga wa jua, kindi wadogo wa ardhini wanaokimbia mkia umelala mgongoni, kunguru wakubwa weusi tii, kware wenye kishungi kinachoning'inia mbele ya paji la uso wanakatiza njia kwa mstari kama wanafunzi. Koyote, mnyama anayefanana na bweha, utamkuta jioni karibu na barabara. Usimpe chakula hata akikutazama kwa huruma, akizoea magari anagongwa.

Ila ninayempenda mimi ni ndege anaitwa phainopepla. Dume ni mweusi wa kung'aa, ana kishungi, jicho jekundu, na akiruka tu unaona baka jeupe kwenye kila bawa. Wakati wa baridi anaishi kwa matunda ya mmea unaonyonya miti mingine, vile vichaka unavyoviona vimening'inia kama kiota kilichovurugika, vina vitunda vyekundu vidogo. Anakula, anakaa tawi la pili, anaacha kinyesi chenye mbegu inayonata, mmea mpya unaota hapo. Kwa hiyo ukiona kichaka cha hivyo simama chini yake usubiri, mara nyingi mwenyewe yupo karibu anakilinda.

Nyoka je?

Januari wengi wamejichimbia wanasubiri joto. Kobe wa jangwani nao wamelala mashimoni. Siku ya jua kali la mchana nyoka anaweza kutoka kuota, kwa hiyo usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani, basi.

Nivae nini?

Nguo za kuvua na kuvaa. Fulana ndani, sweta katikati, jaketi la kuzuia upepo juu, mzula kichwani, glavu mfukoni. Kivulini ni friji, ukiingia kwenye jua ni joto, utavua na kuvaa mara kumi. Raba zenye meno zinatosha kwa njia hizi fupi, soli laini itateleza kwenye ule mchanga juu ya jiwe. Bebeni vaselini, hewa kavu inapasua midomo mpaka damu. Na chanuo, usicheke, lile la kuchania nywele. Kuna kaktasi inaitwa cholla, kwa mbali inaonekana na manyoya ya kupapasa, ukiigusa kidogo tu kipande kizima kinang'oka kinakuganda, na ukikitoa kwa mkono kinahamia mkono mwingine. Unapitisha chanuo katikati ya kipande na ngozi, unakirusha.

Maji na chakula nanunua ndani?

Hakuna. Narudia, hakuna duka, hakuna hoteli, hakuna sheli, na maji ya bomba yapo sehemu chache za pembezoni tu. Jaza tenki mjini. Maji chukua si chini ya lita nne kwa kila mtu kwa siku, hata kama ni baridi, maana wakati wa baridi kiu haikuambii, unashtukia kichwa kinagonga. Sisi tunabeba chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, tende na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Maganda yote yanarudi nyumbani na nyie, hata ya chungwa, jangwani hayaozi kama kwetu, yanakaa tu. Vyoo vipo ila ni vya shimo na hakuna maji ya kunawa, wale wa kutumia maji wabebe kikopo chao.

Simu inashika? Nikipotea?

Haishiki, sehemu kubwa ya ndani netiweki ni sifuri. Pakua ramani ukiwa nyumbani na mwachie mtu ujumbe mnaenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Miaka miwili nyuma tulianza kutembea saa tisa alasiri eneo la Split Rock, duara la kilomita nne, nikajua ndani ya saa moja na nusu tutakuwa tumemaliza. Watoto wakaona mawe mazuri pembeni, tukatoka njiani tukapanda, tukashuka upande mwingine. Nilipogeuka nyuma kila kitu kilikuwa kimebadilika. Rundo la mawe ukiliona kwa mbele na kwa nyuma ni marundo mawili tofauti, na yote yanafanana na jirani zake. Jua likazama, baridi ikaingia ghafla kama mtu amefungua mlango, mdogo akaanza kulia, simu moja imebaki asilimia tisa. Kilichotuokoa ni mume wangu kuamua tusiendelee mbele kwa kubahatisha, tukarudi kwenye mkondo wa mchanga tuliouvuka, tukatafuta nyayo zetu kwa tochi, kile kiatu kidogo chenye alama ya nyota, tukazifuata moja moja mpaka kwenye kibao. Tumefika kwenye gari saa moja kasoro usiku, mikono haishiki funguo.

Kwa hiyo sasa hivi tochi ya kweli kila mtu na yake, kila ukipinda geuka uangalie nyuma panaonekanaje, na saa tisa ikigonga tunakuwa tunaelekea kwenye gari, hata kama kuna kona moja tu imebaki.

Mzazi mzee au mtoto mdogo ataweza?

Mama ana miaka sabini na mbili na magoti yanamsumbua, Barker Dam ameimaliza kwa saa mbili na fimbo. Kuna pia Cap Rock, njia fupi tambarare ya kilomita 0.6 ambayo hata kiti cha magurudumu kinapita. Strola uache nyumbani, mchanga unaigomea, mbebe mtoto mgongoni kwa kanga.

Kupanda juu ya mawe inaruhusiwa?

Ndiyo, na watu wanatoka dunia nzima kuja kupanda kwa kamba hapa. Nyie bila kamba pandeni yale ambayo mna uhakika wa kushuka, maana kupanda ni rahisi kuliko kushuka, watu wanakwama juu kila mwaka. Kondoo wakiwepo karibu acheni kupanda kabisa, kaeni mita 25 au zaidi.

Mbwa? Droni?

Mbwa haruhusiwi kwenye njia za kutembea, anaishia barabarani na sehemu za kambi na pikiniki. Droni marufuku.

Kiingilio?

Mara ya mwisho tulilipa dola 30 kwa gari zima, tiketi inatumika siku saba. Angalia bei mpya kabla ya kuondoka. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hauhitaji kuweka nafasi.

Hivi haya mambo ya haiki, kutembea porini, si ya Wazungu?

Nimeulizwa hili na dada yangu mwenyewe, na najua wengi wanalo moyoni. Siku ya kwanza kweli tulikuwa familia pekee nyeusi kwenye maegesho, nikahisi macho. Ila fikiria, babu zetu walichunga juu ya mawe kama haya, sisi wenyewe tulicheza kombolela humo mpaka tunaitwa kula, tumefukuza pimbi, tumeanika dagaa juu yake. Kutembea porini tumeanza zamani, hatukuwa na viatu vya dola mia mbili tu. Mwaka huu tulienda familia nne, Wakongo, Wakenya na sisi, watoto kumi na moja, na askari wa hifadhi pale kituoni alikaa nao chini akawaeleza habari za kobe mpaka wakachelewa kutoka.

Tubaki mpaka usiku au turudi?

Kama mmejifunika vizuri, bakini saa moja tu baada ya giza, pale pale kwenye maegesho, zimeni taa za gari. Hifadhi hii imetambuliwa tangu 2017 kwa giza lake zuri la kuangalia nyota. Mama aliegemea boneti lenye joto, kitenge kimefika mabegani, akanyoosha kidole juu upande wa mashariki akasema kile pale Kilimia, bibi yenu alikuwa akikiona anaanza kuulizia jembe. Watoto wakakihesabu, mmoja akapata sita, mwingine saba, wakabishana mpaka tulipofika getini.